Mafundo ya Nyasi na Nyuki wa Senge Rasoa

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa palizi, mwanangu, kundi letu la wanawake wa Langas limesimama kwenye lango la shamba la watu, majembe begani. Shamba tuliloahidiwa lilikuwa limejaa watu tayari. Wanawake tusiowajua walikuwa wameinama kwenye mistari ya mahindi wakilima kazi yetu.

Nitalirudia shamba hilo. Kwanza kaeni vizuri. Dan, weka simu chini, haitakimbia. Nikisema mwanangu, kila mmoja wenu ajue ni yeye ninayemwambia, maana sina nguvu za kurudia jambo kwa kila sikio. Nimewaita kwa sababu ya mwenzenu Kevo. Kevo aliona kazi ya mjengo kule Kimumu, akaitangaza kwenye grupu yenu ya simu, na mlipofika mkakuta nafasi zimechukuliwa na watu wengine. Mkasema amewachoma, amewapa wengine habari. Mkamtukana mpaka akatoka kwenye grupu, na sasa amehamisha hata godoro lake kutoka hapa kwangu, analala kwa rafiki kule kule Kimumu. Sasa sikilizeni, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sina hela ya kuwapeleka wote hospitali.

Siku hizo nilikuwa msichana aliyemaliza shule juzi, maneno mengi, jembe jepesi. Tuliishi Langas hii hii ya Eldoret, ila nyumba zilikuwa chache na matope yalikuwa mengi zaidi, kama hilo linawezekana. Wanawake wa mtaa wetu walilisha watoto kwa kulima mashamba ya watu, na msimu wa palizi ndio uliokuwa msimu wa shibe. Magugu ya mwenzako ndiyo yaliyokuwa ugali wako.

Hakukuwa na simu ya kumpigia mwenye shamba. Tulikuwa na mtangulizi. Kwa zamu, mmoja wetu aliondoka kabla ya wengine, akashika njia ya Cheptiret au upande wowote moyo wake ulikomtuma, akitafuta shamba lililozidiwa na magugu. Akilipata alibisha hodi, akapatana na mwenye shamba, kisha akarudi kutuita. Na hakurudi mikono mitupu. Aling'oa gugu moja la shamba lile akaja nalo mkononi. Tukiliona tulijua la kubeba. Kama ni sangari, ile nyasi yenye mizizi mirefu inayotambaa chini, tulibeba majembe ya meno. Kama ni magugu laini, jembe la kawaida lilitosha.

Njiani alifunga mafundo ya nyasi kwenye seng'enge za ua na matawi ya kayaba, ule mti wa ua wenye miiba, ili wenye watoto mgongoni na wazee waliochelewa wafuate bila kuuliza mtu. Mafundo yalikuwa mengi karibu na shamba, pale vijia vinapogawanyika, na yalipungua kadiri ulivyokaribia nyumbani. Njia ya nyumbani kila mtu anaijua.

Sasa, mwaka huo tulikuwa na mgeni. Jina lake Truphena, msichana wa rika langu. Alitoka nyumbani kwetu upande wa Kakamega baada ya kumzika mama yake, akapokewa na Senge Rasoa. Senge kwa lugha ya kwetu ni shangazi, dada wa baba. Ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, ingawa goti lake lilikuwa limemwachisha kazi ya shamba. Truphena hakuwa na mtu wa kumngojea huko alikotoka. Alikuwa na jembe la kuazima na nafasi yake katika kundi letu, basi. Akiipoteza hiyo nafasi, hakuwa na chakula wala pa kurudi. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tukamkaribisha, tukampa zamu ya kutangulia juma lile lile alilofika, tukajiona wakarimu kweli.

Zamu yake ya kwanza alirudi mbio, jasho usoni pamoja na baridi yote ile, gugu mkononi. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu afike; siku hiyo alicheka. Alisema liko shamba kubwa, mama mwenyewe anatungoja, na tulifuata mafundo yake mpaka kwenye lango nililowaambia. Alikuwa ameyafunga vizuri, hakuna hata moja lililolegea.

Mama mwenye shamba alikuja langoni, kitambaa kichwani, amechanganyikiwa.

"Pole sana, mama. Hawa walikuja wakasema ni wao wameitwa. Mimi ningejua aje?"

Aibu ilimshika mpaka akatuletea mursik kwenye kibuyu. Tulikunywa, maana hasira haijawahi kukataa maziwa. Lakini tulipotoka barabarani mama yangu alimgeukia Truphena. Mama yangu alikuwa mtu mwema, nataka mjue hivyo, ila ulimi hauna mfupa, na wake siku hiyo haukuwa na hata ngozi.

"Nani aliambia hao watu?"

"Mimi sijaambia mtu, Mama."

"Si uliongea na mwanamke wa kitambaa nyekundu asubuhi, pale stejini? Nimekuona na macho yangu nikiteka maji. Na huyo ndiye huyo, ako hapo ndani analima!"

Tukageuka wote. Kweli, kitambaa chekundu kilikuwa pale katikati ya mahindi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akasema. "Ukirudia, utarudi kwenu."

Mwingine nyuma akaongeza kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na njaa, na mama ni mama. Tulirudi Langas majembe makavu, na Truphena alitembea nyuma yetu, mbali kidogo, njia nzima.

Kilichofuata hatukukitarajia. Zamu ya Truphena ilipofika tena, alirudi akasema, "Sikupata." Tukasema sawa, siku hazilingani. Zamu nyingine, sikupata. Halafu wengine nao wakaanza. Wanawake wazima, waliokuwa wakinusa shamba lenye magugu kutoka ng'ambo ya mto, wanarudi mikono mitupu wakisema hakuna kitu. Mahindi ya nchi nzima yamefika magotini, magugu yamefika magotini, na sisi tumekaa mlangoni tunachambua mboga ambayo hata haitoshi kuchambuliwa. Watoto walianza kulala mapema bila kuambiwa. Mama yangu alikuwa akikoroga uji mwepesi na hasemi neno, na ninyi mnajua katika ukoo huu mwanamke akinyamaza jikoni kuna shida.

Siku moja Truphena alirudi na sikupata yake, akaketi karibu nami kupumzika. Nikaiona sketi yake. Pindo lote lilikuwa limejaa kishona nguo, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania kitambaa, nyingi mno. Kishona nguo cha namna hiyo hukipati barabarani. Unakipata ukipita katikati ya shamba lililokosa jembe. Nikaanza kumchomoa mbegu moja moja, kama tunavyofanyiana wanawake, na nikamuuliza polepole.

"Truphena, ulipata shamba?"

Akaliangalia lile pindo. Halafu akasema, "Nilipata. Kubwa. Lakini nikiwaita, na tukute watu huko, mtanifukuza. Afadhali njaa, njaa nimezoea."

Nililia, mwanangu. Sikulia kwa njaa. Nililia kwa sababu alisema maneno hayo bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikainuka nikaenda kwa Senge Rasoa nikamweleza yote, shamba, kitambaa chekundu, kishona nguo. Senge alinisikiliza akikanda goti lake. Mwishoni akauliza swali moja tu: kama wanawake wote wangetoka kanisani pamoja Jumapili. Nikasema ndiyo. Akasema waje kwake moja kwa moja, na mtu asibadilishe nguo.

Lazima niwaambie kuhusu nyuki wa Senge. Alipohamia Eldoret kutoka nyumbani alikuja na sufuria, Biblia, na kipande cha gogo kilichozibwa kwa matambara. Ndani ya gogo walikuwemo nyuki wadogo weusi wasio na mwiba, wadogo hata kuliko nzi wa nyumbani. Watu walimcheka, wakasema baridi ya huku itawamaliza kabla hajafungua mzigo. Akalitundika gogo kwenye ukuta wa nje wa jikoni, pale joto la moto linapopita, na nyuki wakaishi. Mlango wao ulikuwa kibomba chembamba cha nta, na asali yao ina uchachu kidogo. Nyinyi wote mmeilamba mkiwa na kikohozi, ingawa leo mnajifanya watu wa dawa za chupa. Ndio hao hao walioko ukutani kwangu sasa, na ndiyo maana sitaki fundi wa plasta akaribie.

Jumapili tukaja, tumevaa vizuri, tumbo tupu. Senge alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya gogo, na mkononi ana kisahani chenye asali. Akakisogeza mlangoni kwa nyuki mpaka mmoja akatoka, akatua, akaanza kunywa. Senge akamdondoshea unga kidogo mgongoni, unga wa mwisho kwenye mkebe, nilijua, kisha akampa mama yangu kisahani.

"Peleka pale nyuma ya sukuma wiki. Polepole. Akiwa anakula hatajali unambeba."

Mama akatembea na sahani ile kama mtu aliyebeba maji ya kubatizia. Akaiweka juu ya jiwe mwisho wa kiwanja. Nyuki wa unga akanywa akashiba, akaruka, akazunguka zunguka juu ya sahani akiangalia pale mahali, kisha akaenda gogoni.

"Kuja uweke sikio hapa," Senge akamwita mama. Mama akainama. Wote tulimwona uso ukibadilika.

"Kuna kitu inanguruma. Inaacha, inanguruma tena."

"Huyo ni yeye. Anaita. Baba yangu alifungua gogo mbele yangu nikiwa mdogo, nikaona. Anakimbia huku na huku, anagonga wenzake, anawasukuma wamsikie. Na anawaonjesha. Anatoa kwa mdomo wake anatia kwa mdomo ya mwenzake, ndio ajue ni chakula gani anaenda kutafuta."

Mama mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kama gugu letu."

Nyuki wa unga alienda na kurudi, akaenda na kurudi. Mwanzoni alikwenda peke yake. Alipokwisha kuridhika kwamba asali ni nyingi, akaanza jambo jipya. Akitoka kwenye sahani hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alitua kwenye jiwe, akagusa kwa mdomo, akaruka. Akatua kwenye jani la sukuma, akagusa, akaruka. Akatua kwenye mti wa kuanikia nguo. Alitua sana karibu na sahani, na alipokaribia gogo akaacha kutua, akaingia. Senge akasema anaacha harufu, tone dogo dogo, wenzake wafuate. Na kweli, baada ya muda hakuwa peke yake. Walikuja wengi, wakisitasita kwenye jiwe, kwenye jani, mpaka sahani ikawa nyeusi. Mimi nimesikia tangu utoto ile methali ya fuata nyuki ule asali, lakini siku hiyo ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza, nyuki mwenyewe anafuata nini.

Niseme hapa kwamba mjukuu wangu anayesomea kilimo ananiambia si nyuki wadogo wote hufanya hivyo. Wapo wanaotegemea kunguruma na kuonjeshana tu, na wapo hata wanaovizia alama za jirani wakawanyang'anya chakula. Nilifurahi kusikia. Nimeishi nao miaka yote hii na bado kuna ya kujifunza.

Sasa sikilizeni. Tukiwa tumekodoa macho, nyuki wakubwa wakaja, hawa wenye mwiba, kutoka kwenye mizinga ya jirani. Mmoja, kisha wengi. Wakaikalia sahani. Wadogo wetu wakasukumwa pembeni, wakahangaika, wakaanza kurudi bila kitu. Mama yangu akachukua kanga awafukuze wale wakubwa, na Senge akapaza sauti.

"Wacha! Harufu haina mwenyewe. Ukiita ndugu yako, jirani atasikia pia. Angalieni yule wa unga."

Tukamtafuta. Alikuwa amefika mlangoni mwa gogo, mtupu, unga bado mgongoni. Kwenye kibomba cha nta pana walinzi, huwa hawatoki pale. Wakamgusa kwa vipembe vyao. Mimi nilishika pumzi, sijui kwa nini, ni mdudu tu. Wakasogea pembeni, akaingia. Hatukukaa sana akatoka tena, akapita juu ya vichwa vyetu, akaenda upande mwingine kabisa, kwenye maua ya boga.

"Mmeona?" Senge akasema. "Ni yeye aliwapeleka kwa sahani. Sahani imechukuliwa. Na wamemfungulia mlango."

Mama yangu hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Wifi, hao ni wadudu. Sisi tuko na watoto wa kulisha."

"Na hao wako na nini ndani ya gogo? Wamejaa watoto. Wangekuwa wanafukuza kila nyuki ambaye chakula chake kimenyang'anywa, hiyo gogo ingekuwa kuni saa hizi. Nyinyi mlipoteza shamba moja. Moja tu! Halafu mkajitoboa macho yenu wenyewe. Nani atawaonea lingine?"

"Lakini aliongea na yule mwanamke."

"Aliongea. Ulimuuliza waliongea nini?"

Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Senge akamtazama Truphena, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na choo, tayari kuondoka. Akamwambia aseme.

"Nilimuuliza njia," Truphena akasema. "Mlinituma nikatafute shamba na hakuna mtu alinionyesha barabara. Mimi sijui huku. Aliniuliza natafuta nini, nikamwambia. Yeye akanionyesha njia ya kwenda juu. Halafu nafikiri aliona mafundo yangu."

Mwanangu, nimeaibika mara nyingi katika maisha haya marefu, lakini siku ile tuliaibika pamoja, kundi zima, katika nguo za kanisani. Tulimtuma mgeni atuongoze, na mtu pekee aliyemwonyesha njia alikuwa yule tuliyemwita adui. Hakuna aliyeomba msamaha. Siku zile watu wazima hawakujua kuwaomba wasichana msamaha, na sina hakika kama wamejifunza. Mama yangu aliinamisha kichwa, akaokota kisahani, akakiosha ingawa hakuna aliyemwambia.

Jumatatu haikuwa zamu ya Truphena. Akaenda hata hivyo. Hatukumwona akiondoka. Tulikuwa tumekaa mlangoni, na jua halijaukausha umande, tulipomwona anakuja kwa ile njia, hakimbii safari hii. Alikuja akasimama mbele yetu, akanyoosha mkono. Mkononi mlikuwa na gugu, mizizi yake mirefu bado ina udongo.

Mama yangu aliinuka. Akalichukua lile gugu, akalipeleka puani, akavuta harufu ya udongo wake.

"Sangari," akasema. "Hii inataka jembe la meno."

Akaingia ndani, akatoka na majembe mawili. Moja lilikuwa lake. Lingine lilikuwa lile lenye mpini mpya, ambalo mimi bintiye nilikuwa nimenyimwa tangu mwaka uliopita, na hilo ndilo alilomwekea Truphena begani. Kisha akamwambia, "Tangulia, mama. Utuonyeshe." Na mama yangu akatembea nyuma yake, njia yote, wa kwanza kati yetu.

Kila nikisimulia haya mtu huniuliza, je, mlikuta watu shambani? Ndiyo. Tulikuta wawili watatu wamefuata mafundo, na kitambaa chekundu kilikuwepo. Mama alimsalimia yule mwanamke, wakaulizana habari za watoto, akachukua mstari wa kando yake. Tulilima mpaka tukaona mwisho wa shamba, na watoto wakala.

Sasa turudi kwa Kevo. Jumamosi alikuja kunisalimu. Nikamuuliza habari ya kazi, akasema, "Hakuna kitu, Kukhu." Naye ananiita Kukhu, bibi, kama ninyi. Lakini viatu vyake vilikuwa na saruji, tena mbichi. Nikamwekea chai nikanyamaza, maana nilishawahi kuchomoa kishona nguo kwenye sketi ya mtu, na ninajua mtoto aliyepata na anaogopa kusema. Mmepewa ndugu mwenye macho, na mmemfundisha kufumba.

Na mnataka kujua habari ile ya Kimumu iliwafikiaje watu wengine? Mama anayeniuzia mboga alikuja kunishukuru. Mwanawe alipata kazi pale. Akasema ni Dan aliyemtumia ujumbe wa Kevo, Mungu ambariki Dan. Inua uso, Dan. Sikulaumu kwa kumtumia rafiki yako, mtoto wa mama mboga naye ana tumbo. Ninakulaumu kwa sababu ulijua, na ukamwachia Kevo abebe matusi peke yake. Hata wewe mwenyewe ulimtukana, niliisikia sauti yako kutoka jikoni.

Basi nasaha yangu ni hii, na kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo ni yenu wote. Ukipata chema, rudi ukawaambie wenzako, na usirudi na maneno matupu. Rudi na gugu. Waambie ni kazi gani, waje na nini, wamuulize nani, na pale njia inapowachanganya ndipo uweke alama nyingi. Ukiitwa, inuka, usingoje kumaliza kutazama video. Ukimtuma mgeni mbele, mwonyeshe barabara kwanza. Ukikuta mtu mwingine amefika kabla yako, jua kwamba harufu haina mwenyewe; msalimie, tafuta mstari. Na zaidi ya yote, mwanangu, yule aliyekuja kukuita asipate kujuta kwamba alikuita. Shamba hupotea na lingine hupatikana. Mtu wa kukutafutia akishaogopa mlango wako, utakaa na jembe lako zuri mpaka lishike kutu.

Jambo la mwisho. Mnamjua Mama Cheptiret, yule bibi anayetuletea viazi kila Desemba na kuwafinya mashavu mpaka mnakimbia. Hamjawahi kuuliza jina lake la usichana. Ni Truphena. Kevo ni mjukuu wake. Alipomleta hapa kwangu atafute kazi aliniambia maneno machache tu: "Huyu ni mgeni, mwonyeshe njia." Nami nilimkabidhi kwenu.

Mungu awape macho ya kuona na miguu ya kwenda. Awape sauti ya kuita wenzenu, na mkirudi mikono mitupu, awape mlango unaofunguka. Awalinde na ulimi usio na mfupa, wa wengine na wenu wenyewe. Amina.

Sasa Dan, vaa viatu uende Kimumu kwa Kevo. Nenda wewe mwenyewe, usimtumie ujumbe. Mwambie akuonyeshe ilipo kazi, na utembee nyuma yake. Mimi naweka chai motoni, na maji nimepima ya watu wote, Kevo akiwemo.